Shimo la Saba la Mwibuye

Wewe umewahi kumwona mwizi anayefagia mahali alipoiba?

Inspekta Isihaka alikuwa hajamwona. Alikwisha fanya upelelezi Tabora, akafanya Ujiji na Kibondo, na sasa alikuwa Kasulu, na wezi wake wote walikuwa watu wa pupa. Huvunja, hubeba, hukimbia. Lakini adhuhuri ile ya mwezi wa sita, mwaka wa sabini na sita, alisimama kwenye shimo la saba la uwanja wa gofu wa Mwibuye akaona kazi ya mtu aliyetulia kabisa.

Uwanja ule haukuwa na nyasi laini za kumalizia mchezo kama wa Ulaya. Kiangazi cha Buha kisingeziacha hai. Kila shimo lilizungukwa na duara la mchanga mweusi, mchanga uliochanganywa na oili chafu ya magari, ukashindiliwa kwa gogo mpaka ukawa laini kama sakafu iliyosiribwa. Wachezaji waliliita brauni.

Brauni ya saba ilikuwa imefukuliwa katikati, kisha ikafukiwa. Udongo mwekundu ulikuwa umechanganyika na mchanga mweusi. Juu palikuwa pamesawazishwa kwa viganja, alama za vidole zikionekana waziwazi. Nyasi za pembeni zilikuwa zimefagiwa. Bendera ilikuwa imesimikwa tena, wima, na kitambaa chake kimenyooshwa.

"Huyu mhalifu ana adabu," alisema Sajini Nestori, mtu wa Murungu, mnene, mwenye maneno mengi. "Kwangu watoto wakichimba panya hawafukii."

"Fukua," alisema Isihaka.

Sajini alifukua udongo ule uliolegea. Chini yake palitokea shimo refu kiasi cha kitanda cha mtoto, na kina chake mkono mzima mpaka begani. Lilikuwa tupu. Sajini alipiga magoti, akachekecha udongo kwa vidole, taratibu, kama mama anayetafuta mawe kwenye mchele. Ghafla akaacha mzaha.

"Afande."

Kiganjani mwake palikuwa na kipande cha kitambaa kilichooza, na jino. Jino dogo kama punje ya mtama mweupe. La mtoto.

Waliitwa kwa sababu ya uharibifu wa uwanja, siku chache kabla ya mechi ya wafanyakazi wa Kasulu na wa Kibondo. Sasa walikuwa na jambo jingine.

Karani wa kilabu, Bwana Stanislaus, mwembamba, mtumishi wa idara ya kilimo, alikuwa amesimama mbali akijipangusa jasho.

"Nani aliona kwanza?" aliuliza Isihaka.

"Mzee Felisiani, mtunza uwanja. Mimi nilifika nyuma yake. Nilimkuta amepiga magoti hapohapo, machozi yanamtoka."

"Alisema chochote?"

Stanislaus alisitasita. "Alisema neno moja tu, bwana Inspekta. Alisema, 'Ameondoka.'"

Hivyo ndivyo mzee Felisiani alivyoingia mahabusu ya Kasulu jioni ile, akiwa na shuka lake na kofia yake mkononi.

Kesho yake asubuhi Daktari Abdalah alilishika lile jino kwa koleo, akaligeuza kwenye mwanga wa dirisha.

"Jino la utotoni. Mtoto wa miaka miwili hivi. Limekaa ardhini miaka kadhaa, ona oili ilivyoliingia."

"Aliuawa?"

"Jino haliniambii hilo, Inspekta. Niletee mifupa."

Mkubwa wa polisi hapo Kasulu hakutaka kungoja mifupa. Mtoto amefukiwa kwa siri, mzee ameropoka, mzee hataki kueleza. Gari la kwenda Kigoma litaondoka kesho mchana. Felisiani atapanda, na jalada lake litaandikwa mauaji.

Isihaka alimwomba mkubwa wake siku hiyo moja. Akaingia chumba cha mahojiano. Felisiani alikuwa mrefu, aliyeinama kidogo mgongoni kwa kusukuma gogo la kushindilia. Mikono yake ilikuwa na weusi wa oili usiotoka kwa sabuni.

"Unafanya kazi Mwibuye tangu lini?"

"Tangu kwa Mwingereza."

"Nani ana ruhusa ya kugusa brauni?"

"Mimi."

"Ya saba?"

"Mimi tu."

"Ulisema, 'Ameondoka.' Nani?"

Mzee aliigeuza kofia yake mikononi.

"Mzee, tumepata jino la mtoto. Unajua maana yake?"

"Najua."

"Ulimuua?"

"Hapana."

"Nani alimuua?"

"Hakuuawa."

"Umejuaje kwamba hakuuawa?"

Mzee aliuma midomo yake kama mtu aliyeona amemwaga kitu.

"Kigoma watakufungulia jalada la mauaji," alisema Isihaka, sasa kwa sauti ya chini. "Mauaji ni kitanzi, mzee wangu. Sisemi kukutisha. Nakuomba uniambie."

"Niliahidi sitasema, mwanangu. Nipeleke tu." Akafikiri kidogo. "Ila mwambie Stanislaus brauni ya tatu haijapata oili. Pipa liko nyuma ya banda. Wageni wakija wataona, na aibu ni yetu sote."

Isihaka alitoka nje akasimama barazani. Katika kazi yake alikuwa ameona waongo wa kila namna. Mwongo hujitetea. Huyu alikuwa anamtetea mtu mwingine.

"Washa Landrova," alimwambia Nestori. "Tunarudi Mwibuye."

Stanislaus aliwapokea kwenye banda la kilabu, akawapa viti vya kamba na chai ya rangi. Toka barazani uwanja mzima ulionekana: vilima vinashuka na kupanda, kijito kinakatiza shimo la tano, na magharibi kabisa milima ya Burundi, ya bluu, kama moshi uliosimama.

"Nieleze uwanja huu tangu mwanzo," alisema Isihaka.

"Tangu mwanzo wote?"

"Wote. Sijui ninachokitafuta."

Basi Stanislaus akaeleza. Ulilimwa na wafungwa kabla ya vita, kwa amri ya Bwana DC mmoja aliyepita hapa akielekea Kibondo, akashuka garini kunyoosha miguu, akatazama vilima hivi, akasema ni kama kwao. Wafungwa waling'oa visiki hawajui vinang'olewa kwa nini. Wenye ng'ombe walilalamika, mpaka wakapatana: ng'ombe walishe asubuhi, mabwana wacheze jioni. Mpaka leo ndivyo ilivyo. Uwanja haujawahi kununua mashine ya kukata nyasi.

"Na sheria zake unazijua, bwana Inspekta, umecheza hapa. Mpira ukiangukia kwenye mavi ya ng'ombe unauokota bila adhabu. Ukiingia kwenye kichuguu cha shimo la tatu, umekwenda, sahau. Na la saba unavua viatu."

Isihaka aliweka kikombe chini.

Sheria hiyo aliijua. Enzi alipokuwa Kibondo, kila alipokuja na wenzake walifika shimo la saba, na Felisiani alikuwa amesimama hapo na kofia mkononi. "Vueni, mabwana. Mchanga wa hapa unachubuka upesi." Nao huvua, wakubwa wa wilaya, mahakimu, wanacheza na soksi tu huku wanacheka za wenzao. Mara ya kwanza soksi yake ilitoboka kidoleni, na hakimu wa Kibondo bado humtania mpaka leo.

"Mbona la saba tu?" aliuliza. "Mchanga si ni uleule?"

"Ni uleule, oili ileile."

"Sheria hiyo ni ya yule DC?"

"Hapana. Ni ya Felisiani mwenyewe. Sisi tulimwachia tu, mzee ana mambo yake."

"Tangu lini?"

Stanislaus alikuna kidevu. "Mwaka wa wakimbizi. Sabini na mbili."

"Kabla ya hapo watu walicheza na viatu?"

"Na viatu, bwana. Vya misumari kabisa."

Nestori aliacha kunywa chai.

"Mwaka ule hapa palikuwaje?" aliuliza Isihaka.

Stanislaus alitazama vilima. Sauti yake ilibadilika.

"Palikuwa pamelala watu. Walivuka mpaka wakikimbia mauaji ya Burundi, wakafuata barabara, wakaona nyasi fupi, wakalala. Uwanja mzima, toka la kwanza hadi la tisa. Hakuna aliyewakaribisha, hakuna aliyewafukuza. Mwenyekiti wa kilabu alikuja Jumamosi na fimbo zake garini. Alisimama pale uliposimamisha Landrova. Akarudi nyumbani na fimbo zake, akaleta unga. Wengine tukaleta maharage, mablanketi. Mechi hazikuchezwa mpaka walipogawanywa vijijini. Nashukuru niliuona uwanja huu siku zile. Nadhani siku zile ndipo ulipofanya kazi ya maana."

"Walikufa watu?"

"Watoto. Kuharisha, homa, safari ndefu. Walizikwa kule msituni, lakini..." Akaacha.

"Lakini fisi," Nestori alimalizia. "Mwaka ule fisi walinenepa, afande. Watu walikuwa wamechoka, wanachimba kifupi, asubuhi wanakuta pamefukuliwa. Hata kwetu Murungu tulisikia. Ila fisi hapendi oili. Kaka yangu alikuwa anapaka oili mlango wa banda la mbuzi."

Wote watatu walitazama upande wa shimo la saba.

Isihaka alikuwa wa kwanza kusimama. Jino lilikuwa na maelezo sasa, na sheria ya viatu vilevile. Lakini maelezo si ushahidi. Mkubwa wa Kasulu angesema ni hadithi nzuri. Ilitakiwa mifupa, na aliyeichukua.

"Miaka minne mtoto amelala salama," alisema njiani kuelekea brauni. "Mtu anakuja kumtoa wiki hii. Kwa nini wiki hii?"

Walizunguka eneo la tukio upya. Kwenye nyasi, upande wa njia ya miguu, Isihaka aliona alama ya mviringo ya kapu zito lililowekwa chini. Pembeni yake palikuwa na ngata ya migomba, ile duara ya kichwani ya kubebea mzigo, imeanguka ikasahauliwa. Mwanamke, basi.

Kisha akaona vigingi. Vilikuwa vimepigwa kwa mstari kutoka shimo la sita hadi la nane, vimepakwa chokaa nyeupe vichwani.

"Hivi ni vya nini?"

"Vya mechi," alisema Stanislaus. "Nyasi za hapo zimechoka, tumezipumzisha. Mpira ukiingia kati ya vigingi unausogeza. Tulivipiga siku ya soko, wakati Felisiani amekwenda Kasulu kuchukua oili."

Nestori alicheka kwa puani.

"Unacheka nini, Sajini?"

"Samahani, afande. Mimi nikiona kigingi chenye chokaa natafuta pa kuwapeleka mbuzi wangu."

"Kwa nini?"

"Ulikuwa wapi wewe mwaka wa sabini na nne? Tulipohamishiwa vijijini! Unaamka unakuta kigingi cheupe kwenye mihogo yako. Kikishapigwa, imekwisha. Hapa barabara, pale shule, pale shamba la kijiji, na trekta linakuja. Nani atakuuliza?"

Isihaka alimtazama Sajini wake kana kwamba alikuwa hajawahi kumwona.

"Mtu anayepita kwenye njia hii," alisema taratibu, "akiona vigingi hivi, atafikiri nini?"

"Atafikiri uwanja unalimwa," alisema Nestori. Kicheko kilikuwa kimemtoka chote. "Atafikiri trekta linakuja."

Ile njia ya miguu ilishuka kilima mpaka njia panda ya Rungwe Mpya, ambako Bibi Adija alikuwa na kibanda cha chai na maandazi. Babake alikuja zamani kutoka pwani na bidhaa, akaoa, akabaki. Adija alikuwa mama wa makamo mwenye macho ya kuona kila mpita njia, na mdomo wa kumwelezea.

"Karibuni, askari. Mmekuja kunikamata kwa utamu wa maandazi?"

"Tutakukamata ukitunyima," alisema Nestori.

"Bibi," alisema Isihaka, "jana asubuhi nani alipita hapa kutoka Mwibuye, mwanamke, kapu kichwani?"

"Wanawake wenye makapu! Mwanangu, uliza wangapi hawakuwa na makapu."

"Nataka yule ambaye hakuwa kama siku zote."

Adija alikunja uso. Mzaha ukaisha.

"Kuna tatizo gani?"

"Kuna mzee mahabusu. Kesho anapelekwa Kigoma kwa kesi ya kifo, na mimi nadhani hana kosa."

"Mzee gani?"

"Felisiani wa uwanja."

"Yule?" Adija alijipiga paja. "Yule asiyekanyaga hata jongoo? Basi nitasema. Jana alipita Immakulata, mkewe Ndihokubwayo, hapo kijijini, nyumba ya mwisho. Kila akipita anatua kapu hapa, anakunywa chai, tunapiga soga. Jana nilimwinukia nimsaidie kutua. Akarudi nyuma! Akasema, 'Hapana, dada, huyu simtui.' Huyu! Nikamwangalia. Hakuwa na ngata, kapu limekaa kichwani hivihivi, amelishika kwa mikono miwili. Nikasema labda ni kuku wa kienyeji. Lakini mtu hambebi kuku huku anamwimbia polepole."

Nyumba ya mwisho ilikuwa ya udongo, mpya, paa la nyasi lililokatwa vizuri. Ndihokubwayo alikuwa uani anapura maharage. Alipoona kofia za polisi aliuweka chini mti wake wa kupuria.

"Amahoro," Nestori alimsalimu kwa Kirundi.

"Amahoro, wakubwa." Akageuka upande wa mlango. "Nilimkataza," alisema, kwa Kiswahili kilichovunjikavunjika. "Nilisema watatufukuza. Watatuvusha turudi kule. Hakunisikia."

Immakulata alitoka ndani. Alikuwa mwanamke mfupi, mikono ya mkulima, macho yake mekundu kwa kukosa usingizi. Hakukimbia, hakulia. Nyuma yake, juu ya kitanda, Isihaka aliliona kapu, limefunikwa kwa kitenge kilichofuliwa.

Isihaka alivua kofia.

"Mama, mimi ni Inspekta Isihaka. Si lazima useme neno. Utakalosema nitaliandika. Umenielewa?"

"Nimeelewa, baba."

"Kapuni kuna nani?"

"Mwanangu."

"Alikufa lini?"

"Mwaka tuliovuka. Njiani, kabla ya uwanja. Nilikuwa peke yangu, sijui mume yuko hai. Nilimbeba amekufa. Watu wakaniambia mtue, nikakataa. Usiku nilisikia fisi, nani angemtua?"

"Ikawaje?"

"Asubuhi akaja yule mzee na fagio lake. Hakuniambia mtue. Alikaa chini, kando yangu, akakaa sana. Ndipo akasema, 'Mimi nafagia pale kila siku. Nipe, atakuwa mbele ya macho yangu.' Tulichimba pamoja. Alirudisha mchanga wake mweusi juu, akaushindilia kwa gogo, na mtu yeyote asingejua. Nikamwomba asimwambie mtu, maana nilisikia ni kosa, nami ni mgeni. Akasema hatasema."

"Ulipata kuzungumza naye tena?"

Alitikisa kichwa. "Napita juu kila siku ya soko. Namwona anafagia pale. Kila mara nasema leo nitakwenda nimshukuru. Miguu inakataa. Asante ya jambo lile, baba, unaianzia wapi? Hata jina lake sikulijua."

"Na wiki hii?"

"Siku ya soko niliona vigingi vyeupe. Mzee hayupo. Barabarani nikapishana na trekta linavuta tela kwenda Kibondo. Nikajua wameshamfukuza mzee na wanakuja kulima. Lile jembe la trekta, baba..." Alifunika macho. "Nikaenda alfajiri. Niliweka kila kitu kama alivyokuwa anakiweka yeye. Nilifagia. Sikutaka, kama bado yupo, aone nimemchafulia."

Nestori aligeuka akatazama maharage.

"Vile vigingi ni vya mchezo, mama," alisema Isihaka. "Uwanja haulimwi. Na mzee hakufukuzwa."

Immakulata alimtazama bila kuelewa. Kisha akaelewa, akakaa chini hapohapo mlangoni.

"Yuko wapi?"

"Mahabusu, Kasulu. Wanadhani aliua mtoto. Tumemwuliza, hataki kusema. Anasema aliahidi."

Alisimama hata kabla Inspekta hajamaliza. Aliingia ndani, akatoka na kapu.

"Twende," alisema. "Twende sasa hivi."

"Wanaweza kukushtaki," mumewe alisema.

"Na wanishtaki."

Asubuhi iliyofuata Daktari Abdalah alikaa na kapu lile kwa muda mrefu, mlango umefungwa. Alipotoka alikuwa amenawa, na alizungumza polepole. Hapakuwa na mfupa uliovunjika, wala alama ya pigo, wala ya kisu. Mifupa ilikuwa imetunzwa vizuri ajabu. Maelezo ya mama na hali ya mifupa vilikubaliana.

Isihaka aliyapeleka maelezo yote kwa mkubwa wa polisi, wakaenda wote wawili kwa hakimu. Hakimu alisoma mpaka mwisho bila kuinua macho. Alipofika kwenye viatu, alivua miwani.

"Mimi mwenyewe nimecheza pale," alisema. "Nilicheka."

Hapakuwa na mauaji. Palikuwa na kuzika bila taarifa, na kufukua bila ruhusa. Kwa yote mawili hakimu alitoa onyo, akatia sahihi kibali cha mazishi, na mahali pa kuzikia akapaacha wazi ili wenye mtoto waseme.

Felisiani alifunguliwa kabla ya gari la Kigoma kuwashwa. Alitoka uani akikunja shuka lake. Immakulata alikuwa amesimama pale na kapu mikononi, mumewe kando yake.

Walitazamana. Ndugu msomaji, watu hawa wawili walizungumza mara moja tu maishani, tena miaka minne iliyopita.

"Nilidhani wamekufukuza," alisema Immakulata.

"Nilidhani amechukuliwa na watu wabaya," alisema Felisiani. "Nililia. Kumbe ni mamake."

"Ungesema ni mimi. Wangekuachia."

"Nilikuahidi."

"Wangekunyonga!"

"Eh, walisema." Akatabasamu kidogo. "Lakini huyu kijana Inspekta hakuwa na haraka."

Isihaka alitazama ncha za viatu vyake. Alikuwa amesifiwa na wakubwa mara kadhaa, kwa barua na kwa karamu, lakini siku ile ndiyo aliyoshukuru kuwa polisi.

"Anaitwa nani?" aliuliza Felisiani, akionyesha kapu kwa kidevu. "Miaka yote hii namwita bwana mdogo. 'Bwana mdogo, leo kuna umande. Bwana mdogo, leo wanakuja wakubwa, usiogope.'"

"Niyonsaba," alisema Immakulata.

"Niyonsaba," Felisiani alirudia, kwa uangalifu. "Niyonsaba."

Basi wote wakaanza kusema kwa pamoja, kama watu wanavyofanya furaha inapowazidi. Ndihokubwayo alisema makaburi ya misheni yako karibu na nyumbani, Padri hatakataa. Stanislaus, aliyekuja na baiskeli jasho likimtiririka, alisema kilabu kitatoa mbao za jeneza na msalaba wa saruji, wajumbe wameshakubaliana. Nestori alisema hata kule Murungu kuna eneo zuri sana, nduguye angelitoa bure, mradi wasijali umbali. Mkubwa wa polisi naye alichungulia dirishani akasema gari la serikali litawapeleka popote, kwa leo tu.

Kila mtu alikuwa na pahali pazuri. Immakulata alimshukuru kila mmoja, "Murakoze, baba. Murakoze." Lakini mikono yake haikuliachia kapu.

"Subirini," alisema Isihaka. "Mama hajaulizwa."

Akamgeukia Immakulata.

"Ulihama kwenu hukuulizwa. Ulizika kwa kujificha, ukafukua kwa hofu. Leo hakuna anayekufukuza. Kibali hiki hapa. Wewe mwenyewe, mama, unataka nini?"

Immakulata alimtazama mumewe, naye akaitikia kwa kichwa taratibu, kumwambia sema. Kisha akavuka ua ule kwa hatua ndogondogo mpaka mbele ya Felisiani, akapiga goti moja kama binti mbele ya wazazi, na lile kapu ambalo njia nzima hakumruhusu mtu hata mmoja kulitua akaliweka mikononi mwake, kwenye ile mikono yenye oili.

"Sikutaka kamwe kumtoa," alisema. "Nataka arudi Mwibuye. Nataka akae kwa babu yake."